Alhamisi Isiyo na Bandari

Ijumaa, Barcelona

Hata kabla hatujapanda meli ya kitalii, baba watoto alikuwa ameshaichambua ratiba na kuitia dosari. "Alhamisi hamna kitu," alisema, kidole juu ya karatasi. "Tunalipia siku nzima ya kutazama maji." Ratiba yenyewe ni ya mzunguko: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, halafu siku moja ya baharini tupu, halafu Barcelona tena. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyeidai safari hii tangu mwanzo, alimwacha amalize. "Mwanangu, mimi hayo maji ndiyo niliyoyafuata," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye masanduku.

Kupanda ni foleni, picha, foleni, kisha unakabidhiwa kadi ambayo ni ufunguo wa chumba, ni kitambulisho, na kwa bahati mbaya ni pochi pia. Zoezi la dharura lilifanyika kamba zikiwa bado gatini. Honi saba fupi na moja ndefu: ukisikia hivyo, nenda kwenye kituo chako. Kuna waliokuja na glasi mkononi na nyuso za watu walioburutwa. Mimi sikuwa na haraka. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulizaliwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama. Ulikazwa tena baada ya Costa Concordia kugonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio mwezi Januari 2012, ikiwa na abiria waliopanda jioni ileile na ambao hawakuwa wameonyeshwa chochote. Watu 32 walikufa. Siku hizi zoezi ni kabla ya kung'oa nanga au mara tu meli inapoondoka. Kitinda mimba nilimfunga jaketi okozi, nikamfungua, nikamwambia ajifunge mwenyewe. Alipomaliza, akamfunga na bibi yake.

Jumamosi, Marseille

Gati liko mbali na mji, basi linachukua muda. Kanisa la Notre-Dame de la Garde limekaa juu ya kilima na linaonekana kila unapogeuka. Mama mkwe aliziangalia ngazi, akaniangalia mimi, akaketi kwenye kivuli pale Bandari ya Kale. Tulipanda mimi na binti yangu mkubwa. Upepo wa juu ulikuwa mzuri kuliko maelezo yangu.

Jumapili, Genoa

Cha kukumbuka ni Lanterna, mnara wa taa wa bandari hiyo: mita 77, umesimama hivyo tangu mwaka 1543 na bado unafanya kazi. Jioni meli ilipotoka tukapita katika eneo ambalo Italia, Ufaransa na Monaco zilikubaliana mwaka 1999 kulihifadhi kwa ajili ya nyangumi na pomboo. Kitinda mimba aliposikia hivyo alikataa kulala. Alisimama roshanini akihesabu nyangumi, na kila wimbi lilikuwa nyangumi, mpaka akasinzia kwa kusimama.

Jumatatu, Civitavecchia

Civitavecchia ndiyo bandari ya kwendea Roma; treni inachukua kama saa moja. Baba watoto na binti wakaondoka alfajiri na orodha ndefu. Sisi wengine tukabaki kwenye meli iliyokuwa karibu tupu, lifti zinafika zikiitwa mara moja, viti vya sitahani ni vya kuchagua. Waliporudi ilikuwa wanakimbia, dakika kumi kabla lango halijafungwa, baba mtu shati limemganda mgongoni. Wazee wawili waliokuwa wameegemea reli karibu nami wakapiga makofi. Nimekuja kujua kuwa hii ni burudani inayotambulika: watu huwahi nafasi nzuri sitahani ili watazame waliochelewa wakikimbia gatini.

Jumanne, Palermo

Joto. Mlima Pellegrino umeinama juu ya bandari, mzuri ajabu, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuusifu. Nadhani siku hii kila mmoja wetu alitamani kubaki, lakini kila mmoja alishuka kwa sababu mwenzake anashuka. Tuligombana kuhusu njia, tukagombana kuhusu kofia, tukarudi.

Jumatano, Valletta

Huu mji uingie kwa meli au usiuingie. Kuta za rangi ya asali zinapanda moja kwa moja kutoka majini, pande zote mbili, na meli ndefu kuliko mtaa inapita katikati taratibu kana kwamba inaomba radhi. Mji ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja tu baada ya kisiwa cha Malta kuzingirwa na majeshi ya Waosmani bila kutekwa, na walioujenga ni dhahiri walikuwa bado wanawaza mizinga. Kuna lifti ya mita 58 inayokutoa bandarini mpaka bustani za juu. Mama mkwe aliipanda kwa heshima zote. Saa sita kamili mzinga ukapigwa, kama unavyopigwa kila siku, na njiwa wote wakaruka isipokuwa wazee wao, waliozoea.

Tuliondoka saa kumi na mbili jioni. Nje ya mlango wa bandari nilimwona rubani, yule anayeiongoza meli kutoka bandarini, akishuka. Boti yake ndogo ilikuja ikajibandika ubavuni, zote mbili zikiendelea kukata maji. Mlango mdogo ukafunguliwa chini kabisa, karibu na usawa wa bahari, na mtu mmoja mwenye jaketi la rangi ya machungwa akateremka ngazi ya kamba akiwa amegeuzia uso meli. Alingoja boti ipande na wimbi, akaachia. Hakurukia, aliachia tu, miguu ikaikuta sitaha ya boti imemfuata juu. Akapunga mkono bila kuangalia nyuma. Toka hapo hakuna kukanyaga ardhi mpaka Ijumaa.

Alhamisi, baharini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango uligongwa kwa kidole kimoja.

"Mkaza mwanangu, umeamka?"

"Nimeamka, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vaa kitu cha baridi tukatembee, hawa waache walale."

Sitaha ya matembezi inaizunguka meli nzima, na saa hiyo ni ya mabaharia. Mmoja anaosha reli kwa maji baridi kuondoa chumvi, mwenzake anafuata na kitambaa, wa tatu yuko magotini na brashi ndogo anapaka rangi alama ya kutu isiyozidi ukucha. Wanafanya hivyo kila asubuhi, meli nzima, na chumvi inarudi kila usiku. Tulipita mara ya kwanza wakatusalimia. Tulipopita tena mmoja akamwambia mama mkwe kwa ishara kwamba anatembea vizuri. Akafurahi mpaka mwendo ukabadilika. Tulizunguka omo, yaani mbele ya meli, tukaenda tezi, nyuma yake, tukarudi pale pale, naye akacheka peke yake: "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wahenga wangejua kama ngama yenyewe, tumbo la chombo, ina zulia na lifti!"

Pomboo waliletwa na makelele. Mtu mmoja mbele alipiga yowe kwa lugha yake, wote tukaelewa. Walikuwa upande wa kulia, kundi dogo, wenye msitari mweupe ubavuni, wanaruka kuelekea kwenye wimbi linalosukumwa na omo. Wanalipanda lile wimbi na kuteleza nalo bila kupiga mkia, wanapata lifti ya bure. Nilitaka kwenda kuwaamsha watoto. Mama mkwe akanishika mkono: "Ukienda hutawakuta, na wewe utakuwa hukuwaona." Hakukosea. Dakika mbili, labda tatu, wakazama wote pamoja.

Nchi ya mwisho tuliiona kati ya saa nne na saa tano asubuhi: milima ya kusini mwa kisiwa cha Sardinia upande wa kulia, ya kijivu, haina mji wala nyumba kwa umbali ule. Kila mtu aliipiga picha. Baadaye nilizitazama zangu, zote ni mstari mmoja wa penseli. Ikabaki nyuma taratibu sana, na hapo ndipo siku yenyewe ilipoanza.

Maana kulikuwa na jambo geni. Hakuna aliyeuliza tunatoka saa ngapi. Toka tulipopanda, kila asubuhi ilikuwa na sentensi hiyo, na kila sentensi hiyo ilikuwa na ugomvi wake: nani hajavaa viatu, nani ameficha kofia, nani alisema basi linaondoka saa mbili. Bandari ni nzuri, sikatai. Lakini bandarini tulikuwa msafara, kila mmoja anachunga asipotee mwenzake, na mtu huwezi kumsikiliza mtu unayemhesabu.

Binti yangu mkubwa kifurushi chake cha intaneti kilikuwa kimeisha usiku. Mtandao wa nchi kavu haufiki huku, wa meli unapitia setilaiti na unauzwa kando, na baba yake alikataa kuongeza cha siku moja. Nilijiandaa kwa siku ya kununa. Alinuna kama saa nzima, kwa haki. Halafu nikamkuta sitahani na bibi yake, wanacheza karata juu ya meza ndogo, kila karata imekandamizwa na kitu: miwani, kofia, simu yenyewe ikiwa kifaa cha kuzuia upepo. Bibi mtu anaiba waziwazi. Anatupa karata, anaisahau, anaichukua tena, na ukimuuliza anasema macho. Binti anajua, na amekuwa akimwibia pia. Sikukaa nao. Nilivuta kiti nyuma yao nikawasikiliza. Alikuwa anamuuliza bibi yake habari za babu, mambo ambayo mimi, miaka yote niliyoolewa katika nyumba hiyo, sijawahi kuyauliza, na mama mkwe anayajibu yote huku anakusanya karata zisizo zake.

Saa sita mchana nahodha alizungumza kwenye vipaza sauti. Hii ni desturi ya meli siku ya bahari: mahali tulipo, kasi, upepo, kina. Kasi maili 18 za baharini kwa saa. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo ni kilomita 33 hivi kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mashindano, na kwa mwendo huo unaweza kuvuka nusu ya bahari umelala. Kina chini yetu: zaidi ya mita 2,500. Kitinda mimba, aliyekuwa anakula, aliacha kula. Akainua miguu kutoka sakafuni.

Hapo baba watoto akapata darasa lake. Mwanawe alimuuliza kwa nini kule bandarini kote maji hayakupwa, boti zinakaa juu siku nzima. Akajibu kwa raha ya mtu aliyesubiri kuulizwa tangu Barcelona. Bahari ya Mediterania imefungwa karibu pande zote. Mlango wake kwenye Atlantiki, pale Gibraltar, ni wa kilomita kama 14 tu, kwa hiyo kujaa na kupwa kwa bahari kuu hakupati nafasi ya kuingia. Sehemu nyingi, tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Na jua lake linakausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mito na mvua, ndiyo maana ina chumvi zaidi ya Atlantiki, na ndiyo maana Atlantiki inaingia kila siku kujaza pengo.

"Na mlango ukifungwa?"

"Uliwahi kufungwa." Akasogeza sahani. Karibu miaka milioni 6 iliyopita, ardhi ilipoinuka na njia ya Atlantiki ikazibika, bahari hii ilikauka kwa sehemu kubwa na kuacha tabaka nene za chumvi ambazo bado ziko chini ya matope ya sakafu yake. Maji yakarudi kama miaka milioni 5.3 iliyopita. Kitinda mimba alitazama nje ya dirisha kwa muda. "Kwa hiyo hapa tungekuwa tunaanguka," akasema. Baba yake akakubali kwamba ndiyo, tungekuwa tunaanguka.

Mtu aliyelalamika kuhusu siku ya kutazama maji alitumia chakula cha mchana kizima kuyaeleza. Sikusema neno. Baadaye alilala kwenye kiti cha sitahani saa tatu mfululizo, kitabu kikiwa kifuani kwenye ukurasa uleule, na sikumbuki lini nilimwona akilala mchana bila kuumwa.

Nahodha alikuwa ametaja upepo, lakini kwa sauti ileile ya kutaja kina, kwa hiyo hatukuzingatia. Ni Mistral, upepo mkavu unaoshuka bonde la mto Rhône kusini mwa Ufaransa na kutokea baharini kwenye ghuba ya Golfe du Lion. Kati ya Sardinia na kisiwa cha Menorca haukutani na kizuizi. Kufikia saa tisa bahari ilikuwa imebadilika rangi, ya buluu nzito, na kila wimbi lina povu kichwani. Daraja la 6, alisema mhudumu mmoja, kwa kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort ambacho kinaanza 0 na kuishia 12. Kwa meli ya ukubwa huu si jambo kubwa. Kwa bwawa la kuogelea ni jambo kubwa.

Bwawa lilianza kutembea. Maji yote yalikwenda mbele kwa pamoja, yakapanda ukuta, yakasimama hapo kama yanafikiri, kisha yakarudi nyuma na kumwagika juu ya kingo mpaka kwenye viti. Viatu vya mtu vikaondoka. Watoto, ambao dakika tano kabla walikuwa wamechoshwa na bwawa, wote wakaingia: wa kwetu, wa Wajerumani, mapacha wa familia moja ya Kihispania ambao tangu mwanzo wa safari hawakuwa wamemsemesha mtu. Walijipanga upande mmoja wakishikana mikono, wimbi likija wanapiga kelele, linawanyanyua wote na kuwabwaga upande wa pili rundo moja la magoti na viwiko. Mhudumu wa bwawa alikuja na filimbi mdomoni. Alitazama saa. Alitazama wimbi. Aliacha mengine matatu yapite ndipo akapuliza. Wakatandaza wavu juu, wakaanza kutoa maji, na watoto wakabaki wamesimama kwenye kingo wakitazama bwawa linavyopungua, wanalipigia makofi kila linapojaribu kuruka.

Wenye vichefuchefu walikuwa wameanza kuonekana. Meli hizi zina mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji, yanazuia kulala huku na huku, na yanafanya kazi vizuri sana. Lakini upepo wa leo ulitoka karibu mbele, na omo ikianza kupanda na kushuka, mapezi hayasaidii kitu. Dawa ni kushuka chini na kusogea katikati, ambako meli inacheza kidogo zaidi, au kukaa nje na kukazia macho upeo wa bahari. Kulala kwenye chumba cha mbele umefumba macho ndiyo njia ya kuumwa vizuri. Mama mkwe, ambaye chumba chake tulikichagua katikati kwa kumwonea huruma, alizunguka meli nzima akiwagawia wagonjwa ushauri.

Saa kumi na moja kazi isiyo na furaha ikaanza. Kitandani kulikuwa na lebo za masanduku, za rangi moja na namba moja. Usiku huu masanduku yakae nje ya mlango, asubuhi yatatusubiri ndani ya jengo la bandari. Unabaki na mkoba mdogo wa dawa, pasipoti, nguo za kesho na viatu. Viatu navitilia mkazo, maana mhudumu wa chumba chetu alitueleza kwamba kila safari kuna mtu anayefunga kila kitu kwa bidii, anaweka nje, anaamka kesho yake na nguo za kulalia peke yake. Alikuwa anacheka, lakini alirudi baadaye akatukumbusha tena. Kesho yake atakuwa na saa chache tu kati ya sisi kutoka na wengine kuingia, na meli itaendelea Marseille kana kwamba haikutubeba.

Meli za mzunguko huu hupakia na kushusha watu karibu kila bandari, na hili sikuwa nimeliwaza. Majirani zetu wa ujia ule walikuwa wamepanda Palermo. Wakati sisi tunakalia sanduku lifunge, wao wanauliza ukumbi wa maonyesho uko sitaha ya ngapi, na mtoto wao anabonyeza lifti zote. Nilimwelekeza mama wa pale njia ya mkato kupitia maktaba, na nilijisikia mwenyeji wa kweli, mwenye uzoefu mkubwa na saa kumi na tatu zilizobaki.

Hesabu ya chumba ilionekana kwenye televisheni. Baba watoto aliipitia mstari kwa mstari akakuta picha, nyingi, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzinunua. Kila bandari kulikuwa na mpiga picha langoni, sisi tunampita kwa haraka. Mama mkwe hakuwa anampita. Alikuwa amesimama kwa kila mmoja, amekaa mkao, na jioni akaenda kuzichukua zote kwa kadi yake. Akazitandaza kitandani: yeye na mtu aliyevaa kama baharia wa zamani, yeye na usukani wa mbao, yeye na mtu aliyevaa kama pomboo. "Nyie mlikuwa mnawahi wapi?" akauliza.

Jua la Agosti huku halitui mpaka saa mbili na nusu usiku. Mistral una fadhila moja, unafagia anga. Upeo ulikuwa mkali, bila ukungu wala wingu, na meli ilikuwa inaelekea karibu palepale jua linapozama. Habari ikaenea kwamba huenda mwale wa kijani ukaonekana. Hewa hupinda mwanga, na kijani hupindwa zaidi kidogo kuliko nyekundu. Nyekundu inatangulia kuzama, na kwa sekunde moja hivi, ukingo wa mwisho wa jua unaweza kubaki wa kijani. Watu walijaa mbele, wengine na mablanketi, wote wameangalia upande mmoja kama abiria wanaosubiri basi. Kutoka pale juu, mita kama 40 toka majini, upeo uko umbali wa kilomita 22 hivi. Ilionekana karibu zaidi. Jua likabana, likawa sahani, likawa uzi.

Niliuona. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia na wa kijani kuliko nilivyotarajia, tone moja, umekwisha. Binti aliuona. Baba watoto alikuwa anarekebisha kamera. Kitinda mimba alisema ameona mbili, na mama mkwe akamthibitishia, kwamba hata yeye aliona mbili.

Usiku masanduku yalijipanga kando ya ujia wote, milango yote, kimo tofauti tofauti. Sisi watano tulibaki roshanini na mablanketi, tumebanana, maana viti ni viwili. Upepo ulikuwa umeanza kulegea. Ramani ya kwenye televisheni ilionyesha Menorca upande wa kushoto. Tulipotazama hapakuwa na kitu ila giza, na hakuna aliyejali. Mama mkwe akaendelea na habari za babu pale alipoishia mchana, safari hii mbele ya mwanawe, naye akamsahihisha sehemu mbili, kisha akanyamaza akasikiliza. Tuliingia ndani baada ya saa sita.

Ijumaa, Barcelona tena

Niliamshwa na ukimya. Injini ilikuwa inanong'ona na nje ya dirisha palikuwa na kreni. Chumba kinatakiwa kiachwe mapema, kwa hiyo meli nzima ilikuwa imekaa ngazini na sebuleni na mikoba ya mkononi, inangoja rangi yake itajwe. Rangi yetu ilitajwa saa mbili na robo. Kadi ikalia mlangoni kwa mara ya mwisho, na ikawa plastiki tu.

Jengo la bandari lina masanduku mengi kuliko watu, na zaidi ya nusu ni meusi. Yetu yalikuwa na kipande cha kitambaa cha njano kwenye mpini, ujanja wa mama mkwe, na yalipatikana yote isipokuwa la kitinda mimba, lililokutwa kwenye safu ya rangi nyingine likiwa na lebo iliyochanika. Ndani yake jaketi la mvua lilikuwa limefunga kitu kizito. Karata za meli, pakiti nzima, alizopewa na mhudumu wa bwawa. Binti alizichukua, akazihesabu palepale kwenye foleni ya teksi. Zilipungua nne. Wote tukamgeukia bibi, naye akawa anatafuta miwani.